Kiingereza kilipoteza wapi "nyinyi" yake? Mlioko nje, tuambieni mnasikia nini huko

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, Morogoro. Wiki iliyopita nilikuwa ubaoni naandika viwakilishi: I, you, he, she, it, we, you, they. Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma, mkimya siku zote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, umeandika you mara mbili." Nikamwambia moja ni wewe, nyingine ni nyinyi. Akauliza, "Sasa anayeambiwa anajuaje kama ni yeye peke yake au na wenzake?" Nikajibu: kwa muktadha. Nikamwona usoni hajaridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika.

Siku chache baadaye binamu yangu anayeishi Texas akaja likizo. Akituita mezani, "y'all", yaani nyinyi nyote. Akituaga, "y'all". Nikamwambia hicho si Kiingereza cha darasani. Akasema huko kwao mkubwa na mdogo wote husema hivyo.

Hoja yangu: "y'all" na ndugu zake si makosa, ni viraka. Lugha ilitoboka mahali, kila mji ukashona kiraka chake. Mlioko nje, semeni mnachosikia hapo mlipo. Nataka kumrudia huyu mtoto na jibu la maana.

#2 Tandika_Houston
Binamu yako kasema kweli. Nina miaka 11 hapa. Dukani nilikoanzia kazi, msimamizi aliwapokea wateja wazee kwa "y'all" na heshima zote, kofia mkononi. Ina hata umiliki wake, "y'all's", yaani yenu.

Halafu iko "all y'all". Akisema "y'all mbaki baada ya kazi", wapo wanaojifanya hawahusiki. Akisema "all y'all", hata aliyekuwa stoo anajua na yeye yumo.

#3 Nyamachoma254
Hiyo si ni "nyinyi" na "nyinyi nyote" tu? Sisi Nairobi ni "you guys" asubuhi mpaka jioni, hata kundi likiwa la wasichana peke yao. Nani alituletea hii?

#4 Ustaadh Kamusi
Chaki, uzi mzuri, ila kichwa chake kina kosa. Kiingereza hakikupoteza "nyinyi". Kilipoteza "wewe".

Zamani walikuwa navyo vyote. Mtu mmoja aliitwa "thou", akiwa mtendwa "thee". Wengi waliitwa "ye", wakiwa watendwa "you". Kwa hiyo hiyo "you" unayomfundisha mtoto kuwa ni wewe, asili yake ni nyinyi, tena nyinyi ya mtendwa.

Kilichotokea: baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Wafaransa humwita mkubwa mmoja kwa wingi, "vous". Kuanzia karne ya 13 Waingereza nao wakaiga: bwana anaitwa "you", mtumishi anaitwa "thou". Polepole kila mtu akataka kuitwa kibwana. Kufikia karne ya 17 "thou" ilikuwa inatoweka katika mazungumzo ya kawaida ya London, na "you" ikabaki inabeba mizigo miwili.

#5 Jicho la Tatu
Ustaadh, hapo nakupinga. Kwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani Mungu anaitwa "Thou". Iweje neno la kumwita mtumishi liwe la kumwita Mungu? "Thou" ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

#6 Ustaadh Kamusi
Linasikika la heshima leo kwa sababu limebaki kanisani, mitaani halipo. Wafasiri wa mwaka 1611 walilitumia kwa yeyote aliye mmoja: Mungu, mtumwa, hata Shetani. Walikuwa wanafuata Kiebrania na Kigiriki, lugha zinazotenga mmoja na wengi.

Fungua Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you", yaani mitume wote, lakini yeye amemwombea "thee", Simoni peke yake. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili tofauti hiyo unaiona mara moja. Kwenye tafsiri nyingi za Kiingereza cha leo zote ni "you", na msomaji anaweza kudhani Shetani alimtaka Petro tu.

Na ukitaka kujua kama "thou" ilikuwa heshima, soma kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, mwaka 1603. Mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia "thou" makusudi mbele ya watu, na akamwambia wazi kuwa anamwita hivyo kwa sababu ni msaliti.

#7 Jicho la Tatu
La Luka nimekubali, sikuwahi kuliona. Ila la Wafaransa bado. Nimesoma kwamba hata Warumi walimwita kaisari kwa wingi, na wapo wanaosema ni kwa sababu wakati fulani makaisari walikuwa wawili, mmoja Roma na mwingine Konstantinopoli, ukimwandikia mmoja umewaandikia wote. Basi chanzo ni Roma.

#8 Kaimosi_Mwana
Nimekulia katika Kanisa la Marafiki, hao wanaoitwa Quaker. Wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 kutoka Marekani. Babu yangu alitusimulia kuwa waanzilishi wa kanisa kule Uingereza, miaka ya 1650, akina George Fox, walikataa kumwita mtu mmoja kwa wingi. Walisema ni kumdanganya mtu kwa kumsifu na ni kusema uongo: mmoja ni mmoja. Basi walimwita hakimu "thou", tajiri "thou", bila kuvua kofia. Waliwaudhi watu sana, na wengine walipigwa.

Swali langu kwa Ustaadh: si inawezekana watu wengine walilikimbia neno ili wasidhaniwe ni Quaker?

#9 Ustaadh Kamusi
Wapo wataalamu wanaoitaja sababu hiyo. Wengine wanasema neno lilikuwa limeshaanza kufa kabla ya Fox. Mimi nilichosoma kinaelekea huku kwa pili.

#10 Mama Sauda
Mimi naona jambo ni la kibinadamu tu. London ilikuwa inajaa wageni, humjui aliye mbele yako ni nani. Ukimwita "thou" kumbe ni mkubwa, umejitia matatani. Ukimwita "you" kumbe ni mchuuzi, hujapoteza kitu. Kila mtu akachagua salama. Ni kama sisi tunavyotoa shikamoo kwa yeyote mwenye mvi, umri tutaujua baadaye.

#11 Mpare Mtulivu
Au walichoka tu na vitenzi. "Thou" ilidai kitenzi chake: goest, hast, wouldst. Ukiiacha, umepunguza kazi ya ulimi.

#12 Ntare wa Pittsburgh
Salaam kwenu. Nimetoka Kigoma kambini, niko Pittsburgh mwaka wa saba. Turudi kwenye swali la Chaki, maana mmehamia London ya zamani.

Hapa si "y'all" tu wala "you guys" tu. Wenyeji, hasa wazee, wanasema "yinz". Asili yake ni "you ones", yaani nyinyi mlio hapo. Waliileta Waskoti waliokuwa wamehamia Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kisha wakavuka bahari katika karne ya 18 na kupanda milima hii. Mwenyeji halisi wa hapa anaitwa Yinzer, na anajivunia jina hilo. Sentensi wanaimalizia na "n'at", kama sisi na "na kadhalika".

Miezi sita ya kwanza nilidhani Yinz ni jina la mtu. Kila nikiingia chumba cha mapumziko na wenzangu naitikiwa na hilo neno, nageuka nyuma kumtafuta huyo mwenye jina. Mzee mmoja fundi bomba ndiye aliyenieleza, akaniambia, "Yinz maana yake wewe na ndugu zako wote."

#13 Tandika_Houston
Ntare 😂😂 mtu anaitwa Yinz na hatokei miezi sita!

#14 Dada wa Galway
Ustaadh kwenye #4 umeongea kana kwamba "ye" imezikwa. Njoo magharibi ya Ayalandi uisikie hai. Mimi ni muuguzi hapa. Asubuhi wodini kila mgonjwa anatusalimu, "How are ye?" tukiwa wawili au zaidi. Nikiwa peke yangu ni "you". Hawakosei kamwe, hata bibi aliyesahau majina ya wanawe. Wenzangu waliotoka Dublin wao wanasema "youse" au "yiz".

Walinieleza kuwa Kiayalandi kina "tú" kwa mmoja na "sibh" kwa wengi. Wazee wao walipolazimika kuhamia Kiingereza wakakikuta hakina mlango huo, wakautengeneza. Ni sawa kabisa na ambavyo mimi ningefanya.

#15 Scouser wa Tanga
Na ndiyo maana Liverpool yetu imejaa "youse". Njaa kuu ya viazi ya 1845 mpaka 1852 iliwamwaga Waayalandi hapa kwa maelfu. Ukisikia "youse" Glasgow, New York, Philadelphia, hata Sydney, tafuta babu Mwayalandi hapo karibu. Ila London kusini wanasema "you lot", na "you lot" ina ukali wa mama aliyekuta vyombo havijaoshwa.

Hapo pia ndipo swali la Chaki lina uchungu. Mwanangu aliandika "youse" kwenye insha, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu. Kila mtu mtaani kwetu anasema. Kwa nini "y'all" ipendwe na "youse" ionekane ya wasiosoma?

#16 Mama Sauda
Kwa sababu ya nani anayeisema, si kwa sababu ya neno. "Youse" ilikuwa ya vibarua wa bandarini. Hata "y'all" ilidharauliwa miaka mingi, vijana wa mijini ndio wameipandisha cheo juzi juzi.

#17 Tandika_Houston
Naunga mkono. Desemba 2013 gazeti la New York Times lilitoa jaribio la maswali lililotengenezwa na Josh Katz kutokana na utafiti wa lahaja alioufanya Bert Vaux akiwa Harvard. Unajibu unavyosema vitu, ramani inakuonyesha ulikotoka. Swali la kuwaita watu kundi lilikuwa mojawapo. Niliambiwa mimi ni wa hapa hapa Texas, na mama yangu yuko Tandika hajui.

Ila lipo jambo tunabishana kazini: je, "y'all" inaweza kusemwa kwa mtu mmoja? Wenyeji wanaapa haiwezekani. Lakini keshia aliniambia "y'all" nikiwa peke yangu, naapa.

#18 Mpare Mtulivu
Alikuwa anakuita wewe na nyumbani kwako. Kama sisi tunavyomuuliza mtu mmoja "hamjambo huko kwenu?"

#19 Tandika_Houston
Ndivyo wanavyojitetea wao pia. Mimi naona sasa neno linaanza kuteleza kuelekea kwa mmoja, kama "you" ilivyoteleza.

#20 Toronto Mbezi
Mmewasahau watu wa visiwa vya Karibiani. Kiwandani kwetu tumejaa Wajamaika. Wao wanasema "unu". Rafiki yangu wa Barbados anasema "wunna". Wa Trinidad, "allyuh". Na wote wanadai lao ndilo sahihi.

#21 Jicho la Tatu
"Unu"! Hiyo ni "ninyi" yetu jamani, imevuka bahari. Sikieni sauti.

#22 Ustaadh Kamusi
Jicho, pole pole. Kiigbo cha Nigeria kina "unu" yenyewe, maana yake nyinyi, haihitaji kubadilishwa hata herufi. Na watu wengi sana waliuzwa utumwani kutoka pwani ile ya Ghuba ya Biafra. Wagulla, Wamarekani weusi wa visiwa vya South Carolina na Georgia, nao wana "hunnuh". Pijini ya Nigeria ina "una".

#23 Mwana Goma
Lakini Ustaadh, huku Kongo, upande wa magharibi, wanaosema Kituba wanaita "beno". Waganda wana "mmwe", Wakikuyu "inyuĩ". Mababu wengi waliochukuliwa walitoka Kongo na Angola. Mimi nasema si lugha moja. Watu wa lugha nyingi walikutana shambani, kila mmoja kwao kulikuwa na neno la wengi, basi hakuna aliyekubali kuishi bila hilo neno. Kiigbo kilitoa sauti, wengine walitoa haja.

#24 Tandika_Houston
Mwana Goma, na hapo hapo wapo wanaosema "y'all" ilienea kusini mwa Marekani kwa sababu hiyo hiyo, kwamba Waafrika waliokuwa utumwani waliihitaji na watoto wa mabwana wakaiokota kwao. Wengine wanasema ni "ye aw" ya hao hao Waskoti wa Ntare. Wengine, ni "you all" iliyokatwa tu. Wenyeji niliowauliza, kila mmoja na lake.

#25 Baharia Mstaafu
Nimepiga melini miaka mingi. Mnaona nyinyi moja ni mali? Nendeni bandari ya Lae, Papua Guinea Mpya. Maneno yao mengi yametokana na Kiingereza, lugha yao Tok Pisin. Wewe ni "yu". Nyinyi wawili, "yutupela". Nyinyi watatu, "yutripela". Nyinyi wengi, "yupela". Kuli akitaka wawili kati yetu washike kamba, hakuna wa tatu aliyesogea.

#26 Mama Sauda
Baharia, asante, hiyo ni ya kuandikwa.

Nami nitoe langu, halinifurahishi lakini litamsaidia mtu anayepanda ndege kesho. Niko Atlanta, natunza wazee. Wiki ya pili kazini niliingia wakati wa kubadilishana zamu, wenzangu wamekaa, wengi wao Wamarekani weusi. Nikawasalimu kwa moyo mweupe: "You people, how was the night?" Chumba kikanyamaza. Hakuna aliyejibu. Mchana nikaitwa ofisini.

Kwetu "you people" ni nyie watu, basi. Nimeisema tangu shule ya msingi, walimu wangu waliisema. Kwa Mmarekani mweusi, hayo ni maneno ya mtu anayesimama mbali na kukuonyesha kidole: nyinyi watu wa aina yenu. Mwaka 1992 Ross Perot, aliyekuwa akiwania urais, alihutubia mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na kuwaita hivyo, ikawa habari ya nchi nzima. Mimi sikujua lolote. Niliomba radhi kwa kila mmoja. Mama mmoja akanishika mkono, akasema, "Baby, just say y'all." Toka siku hiyo sijaliacha. Na niliumia sana, kwa sababu wale ndio niliowaona kuwa ndugu zangu pale.

#27 Dada wa Galway
Pole sana dada. Nilikuwa nalisema hapa kila siku, sasa nimeelewa kwa nini wengine walinitazama.

#28 Nyamachoma254
Pole Mama Sauda. Nairobi bado tunalisema sana. Lakini hamjanijibu la "guys".

#29 Ustaadh Kamusi
Samahani, nilipitiwa. Tarehe 5 Novemba 1605 Guy Fawkes alikamatwa na baruti chini ya bunge la Uingereza. Kila mwaka watu wakawa wanachoma sanamu yake ya matambara, wakaiita "guy". Baadaye "guy" ikawa mtu yeyote aliyevaa vibaya, kisha huko Marekani mwanamume yeyote, kisha kwa wingi mtu yeyote.

#30 Toronto Mbezi
Mtu yeyote? Kiwandani kwetu wasichana wawili waliomba wasiitwe "guys", wakasema wao si wanaume. Wengine wa kike wakasema haiwasumbui. Msimamizi sasa anasema "folks", yaani jamaa.

#31 Bi Karafuu
Assalaam aleikum. Nawasoma tangu juzi, niko kimya, kwani naona mwamcheka Mwingereza kwa tundu lake na letu hamlioni.

Nikikwambieni "nimewaona sokoni", nimewaona nani? Nyinyi au wao? Hiyo "wa" yabeba mizigo miwili kama hiyo "you" yao. Sisi Unguja na Pemba twaongeza "ni" nyuma: nimekuoneni, nakwambieni, nakutakieni. Hapo hapana shaka. Nyinyi wa bara mwasema "nawaambia" na mwaacha msikilizaji akisie.

#32 Mpare Mtulivu
Bi Karafuu kapiga penyewe. Wiki iliyopita bosi aliandika kwenye kundi "nitawalipa Ijumaa". Vibarua wa nje wakadhani ni wao, sisi tukadhani ni sisi.

#33 Scouser wa Tanga
Na nani alilipwa?

#34 Mpare Mtulivu
Vibarua.

#35 Mwana Goma
Sisi tunasema "muko wapi", "mulikuja lini", hapo wingi uko wazi. Ila kwenye "niliwaona" na sisi tumo humo humo na watu wa bara.

#36 Chaki Nyeupe
Wakuu, asanteni. Leo nimerudi darasani. Nimechora ramani ubaoni, nimeandika yinz, youse, ye, unu, yupela. Nimewaambia kwamba kilichopotea ni "wewe", si "nyinyi", na nikawasomea Luka. Nikawaeleza pia kwamba kwenye mtihani waandike "you" na si vinginevyo.

Yule mtoto wa nyuma akanyoosha mkono tena. Akasema, "Mwalimu, lakini kitabuni ukurasa wa mbele kuna yourself, na kuna yourselves."

Nimefundisha miaka 14. Kwenye uzi huu tumefika posti 35 na hakuna aliyeliona.

#37 Bi Karafuu
Mashallah. Wameibakisha mwisho wa neno, kama "ni" yetu. Huyo mtoto mpe kitabu. Kisha muulize "nimewaona" ni nani.